"Mdogo Wangu Anasomeshwa na Jeshi la Marekani, Mbona Hana Hela?"

Barua za wasomaji zinajibiwa na Mwalimu mstaafu, Kigoma

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni dada mkubwa katika familia ya watoto wanne, naishi Ujiji, nauza mawese na dagaa. Mdogo wangu anayenifuata alikwenda Marekani kwa ile bahati nasibu ya green card. Miaka mitatu iliyopita akajiunga na jeshi la akiba la huko, lile la kwenda kambini wikiendi moja kwa mwezi. Alikuwa mwaka wa pili chuoni walipomwita wakampeleka Kuwait. Ukijumlisha na mazoezi ya kabla ya safari ni miezi kumi. Sasa amerudi na anaendelea na masomo. Tulifurahi sana, maana huku mtaani kila mtu anajua mwanajeshi wa Marekani anasoma bure na nyumba analipiwa. Lakini tangu Agosti hajatuma hata senti. Anasema hela ya chuo haijaingia, na hata ikiingia ni asilimia sitini tu. Mama ana presha, kila mwezi yuko kliniki Maweni. Mdogo wetu wa mwisho amemaliza Form Six na hatujui atasomea nini. Naomba uniambie ukweli: mdogo wangu ana shida kweli au ameshatusahau? Na hiyo haki yake ya kusoma, hawezi kumwandikia mdogo wetu?

Dada Mkubwa, Ujiji

JIBU

Marahaba dada, na pole kwa kumuuguza mama.

Mdogo wako anasema kweli. Nalitanguliza hilo ili upate usingizi. Tena ile asilimia sitini uliyoitaja ndiyo iliyonihakikishia, kwa sababu kwa askari wa akiba aliyeitwa miezi kumi, sitini ndiyo namba yenyewe iliyomo katika sheria yao. Mtu anayetunga hawezi kuibahatisha.

Haya niliyajua kwa uchungu. Binti yangu wa kwanza aliolewa hukohuko, akajiunga na askari wa akiba, akaitwa, akarudi, akaingia chuo cha uuguzi. Kuna mwaka alikaa miezi minne bila kututumia chochote, nami nikamwandikia maneno ambayo mama hapaswi kumwandikia mwanawe. Alipokuja likizo alifungua mkoba akanitolea makaratasi yake yote, tukakaa nayo barazani tangu asubuhi hadi adhuhuri, mimi na kamusi yangu mapajani. Nilipofika karatasi ya mwisho nilimwomba radhi. Ninakuandikia nikiwa na asubuhi ile moyoni.

Tuliondoe kwanza hilo neno "bure". Marekani ina mifuko kadhaa ya kusomesha askari, na huku mtaani tumeichanganya yote tukaifanya mmoja. Ule mkubwa unaitwa Post-9/11 GI Bill, na ulianza kulipa Agosti 2009. Anayelipiwa na mfuko huo asilimia 100 kwa kawaida ni yule aliyefanya kazi ya jeshi ya kila siku kwa miezi 36, yaani miaka mitatu mizima. Mdogo wako si huyo. Yeye anavaa gwanda wikiendi moja kwa mwezi na kama wiki mbili kwa mwaka, siku nyingine ni raia mwenye kodi ya nyumba na mitihani. Zile wikiendi, hata azikusanye kwa miaka kumi, hazihesabiwi katika mfuko huo. Mafunzo yake ya mwanzo ya ukuruti, depo kama wanavyosema vijana wetu, nayo hayakuhesabiwa. Kinachohesabiwa ni siku alizoitwa kazini kwa amri ya serikali kuu. Kuwait, pamoja na mazoezi ya maandalizi yaliyokuwa ndani ya amri hiyohiyo, ndiyo iliyomfungulia mlango.

Ukishaingia mlangoni unakuta ngazi. Siku 90 hadi kabla ya kutimiza miezi 6, unapata asilimia 50. Kuanzia miezi 6 hadi kabla ya kutimiza 18, ni 60. Ukifika 18 unapanda hadi 70, ukifika 24 ni 80, ukifika 30 ni 90, na 36 ndiyo 100. Mdogo wako kwa miezi yake kumi yuko ngazi ya pili, na hata wangemweka kule mwaka mzima asingepanda. Lakini ni afadhali kuliko wakati wa binti yangu: kabla ya Agosti 2020 miezi kumi ilikuwa asilimia 50.

Sasa, sitini ya nini? Kwanza ni ya ada, na ada inakwenda moja kwa moja chuoni. Yeye anaiona kwenye karatasi tu. Asilimia 40 iliyobaki anaitafuta mwenyewe. Kuna ya vitabu: mwenye asilimia 100 hupewa hadi dola 1,000 kwa mwaka, kwa hiyo yeye haizidi dola 600. Halafu kuna posho ya nyumba, na hii ndiyo iliyozaa maneno yote ya mtaani. Hupigwa hesabu kwa kufuata mji kilipo chuo. Tuseme katika mji huo posho kamili ni dola 1,500 kwa mwezi. Yeye atapewa 900, na mwenye nyumba hatamwambia lipa asilimia sitini. Akisoma yote kwa mtandao bila kuingia darasani, hesabu inashuka zaidi, kwani hapo wanachukua nusu ya wastani wa nchi nzima kisha ndiyo wanatoa hiyo sitini.

Nisikilize hapa vizuri, dada, maana Agosti yako imo humu. Posho ya nyumba hailipwi mwanzo wa mwezi. Unasoma kwanza, mwezi ukiisha ndipo unalipwa, tena kwa siku za masomo tu. Muhula ukianza tarehe 20 Agosti, Agosti yote anahesabiwa siku kumi na mbili, na hela ya siku hizo kumi na mbili inaingia Septemba. Ya Septemba kamili ataiona Oktoba. Na hata hiyo haitoki mpaka ofisa wa chuo anayeshughulikia askari athibitishe kwa VA, ile idara ya serikali ya maveterani, kwamba mwanafunzi huyu amejiandikisha masomo kadhaa. Ofisa akichelewa, au faili likikosa nakala moja, kila kitu kinasimama. Ukitaka kuielewa hali yake, muulize kijana yeyote wa chuo hapa kwetu aliyewahi kusubiri bumu la Bodi ya Mikopo: ameshasajiliwa, ameshapanga chumba, ameshakopa chakula kwa mama lishe, na simu bado haijasoma kitu.

Muhula ukifungwa Desemba, posho nayo inafungwa. Zile wiki za mapumziko hakuna anayezilipia. Januari ndiyo mwezi wao mkavu kuliko yote, na ndio mwezi ambao na sisi huku tunapiga simu za ada za shule. Niliposoma hilo kwenye makaratasi ya binti yangu nilinyamaza muda mrefu.

Ile miezi minne ya binti yangu ilikuwa na sababu nyingine, na nakuomba umfikishie mdogo wako. Alikuwa akifanya kazi usiku, akazidiwa, akaacha masomo mawili katikati ya muhula bila kumwambia yule ofisa wa chuo. Kumbe ili upate posho ya nyumba ni lazima mzigo wako wa masomo uzidi nusu ya ule wa mwanafunzi wa muda wote. Yeye alishuka chini ya hapo, posho ikaendelea kuingia kwa sababu hakuna aliyepeleka taarifa, na mwisho wa muhula ikaja barua ya kudaiwa. Zile hela ameshalipa kodi, zimekwisha, na serikali inazitaka. Alizirudisha kidogokidogo kwa kujinyima, na sisi huku Kigoma tukasema ameringa. Mwambie mdogo wako asiache somo hata moja kabla ya kuzungumza na ofisa yule. Kama ni ugonjwa au kaitwa tena jeshini, aseme mapema na aweke maandishi, maana sababu za namna hiyo zinasikilizwa.

Hujaniuliza kuhusu nafasi yake chuoni, lakini nadhani lilikutia wasiwasi alipoondoka. Huko kuna sheria ya mwaka 2008 inayokilinda kiti chake. Mwanafunzi aliyeacha masomo kwa sababu ya kuitwa jeshini zaidi ya siku 30, chuo hakiwezi kumwambia aanze upya au aombe tena kama mgeni. Kinampokea katika hatua ileile aliyoachia, ilimradi alitoa taarifa, muda wote aliokosekana kwa ajili ya jeshi hauzidi miaka 5, na ameeleza nia ya kurudi ndani ya miaka 3 tangu amalize utumishi. Kwa hiyo mwaka wake wa pili haukupotea.

Sasa la mdogo wenu wa mwisho. Hapana, dada. Haki hii inaweza kuhamishwa, ndiyo maana umesikia watu wakisema, lakini sheria inataja mke au mume na watoto tu. Kaka, dada, mama na baba hawamo. Hata kwa mke na watoto, askari lazima awe bado jeshini, awe ametimiza miaka 6 ya utumishi na akubali kuongeza 4. Kwa hiyo mtu akikuletea fomu ya kumhamishia ndugu haki ya GI Bill, usimpe hata nauli. Huyo mtoto wenu njia yake iko hapahapa: kama jina lake limo katika orodha ya JKT kwa mujibu wa sheria aende, na dirisha la Bodi ya Mikopo likifunguliwa awe na vyeti vyote mkononi, kikiwemo cha kuzaliwa kilichohakikiwa. Vijana wengi wa mkoa wetu wanakwama kwenye cheti hicho.

Mpigie mdogo wako jioni moja ukiwa umetulia. Usianze na hela. Mwambie umeshaelewa kwamba analipwa mwezi ukiisha na kwamba wiki za mapumziko ya Desemba hazina posho. Halafu mpange naye pamoja: dawa za mama za Januari atume Oktoba au Novemba, posho ikiwa inaingia, nawe uzinunue mapema uziweke. Binti yangu na mimi tulifanya hivyo miaka miwili ya mwisho ya chuo chake, na mzee wangu hakukosa vidonge.

SWALI

Mwalimu, habari za kazi. Nimemaliza JKT kwa kujitolea, sikupata ajira. Kuna mtu hapa kwetu anasema anaandikisha vijana jeshi la akiba la Marekani, unasomeshwa huko huko. Anataka shilingi 350,000 za fomu na picha. Vijana wanne wameshatoa. Nitoe?

Kijana, Kakonko

JIBU

Usitoe, mwanangu. Anayepokelewa katika jeshi la Marekani ni raia wa nchi hiyo au mtu aliyekwisha kupata kadi ya ukaazi wa kudumu na anaishi kule. Hakuna uandikishaji wa jeshi lile unaofanyika Kakonko, Kigoma wala Dar es Salaam, na anayejiunga kule halipi ada ya fomu. Hao wenzako wanne waende polisi leo, wakiwa pamoja, na jumbe za malipo kwenye simu zao wasizifute. Najua uchungu wa kijana aliyelima, aliyejenga, aliyepiga kwata miaka miwili na bado yuko nyumbani. Huyo dalali naye anaujua, na ndiyo biashara yake.

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Nilikulia kambi ya Nyarugusu, wazazi wangu walitoka Kongo, mimi nikahamishiwa Marekani nikiwa na miaka kumi na tisa. Kiswahili changu ni cha Kasulu. Niko jeshi la akiba, nimesaini miaka sita, huu ni wa nne. Sijawahi kuitwa popote, ni wikiendi tu. Nataka kurudi shule, nilisimama kwa sababu ya kazi ya ghalani. Wenzangu waliokwenda nje wanapata posho ya nyumba. Mimi nina haki yoyote? Na nikihama mji, je? Kuna karatasi ya zamani nimepewa inataja mfuko unaitwa REAP.

Mtoto wa Nyarugusu

JIBU

Marahaba mwanangu. Nimefurahi kwamba Kasulu bado imo kinywani mwako.

Hiyo karatasi ya REAP itupe. Mfuko huo ulisitishwa mwaka 2015, na wanaoendelea kuisambaza wanawapotezea wenzao muda. Post-9/11 nayo bado si yako, kwa sababu hujatimiza siku 90 za kuitwa. Lakini unao wako, ambao wengi wenye hali kama yako hawajui kuudai: Montgomery GI Bill ya askari wa akiba. Umewekewa watu wa wikiendi hasa. Masharti yake ni kusaini miaka 6, kumaliza mafunzo ya awali, kuwa na cheti cha sekondari au kinacholingana nacho, na kuendelea kuhudhuria kikosini bila dosari. Naona yote unayo.

Unalipwa hadi miezi 36. Kuanzia Oktoba 2024 kiwango cha mwanafunzi wa muda wote kilikuwa dola 481 kwa mwezi, na hupandishwa kidogo kila Oktoba. Ukisoma nusu, unapata kama nusu. Hela hii inakuja mkononi mwako, si chuoni. Kwa masikio ya nyumbani inavuka milioni ya shilingi na watasema umetajirika. Wewe unajua inalipa nini huko. Ndiyo sababu nakushauri usiitegemee peke yake. Jeshi lina msaada mwingine wa ada, hadi dola 250 kwa kila uniti ya somo (wao huiita "credit hour"), lakini lazima uombe na ukubaliwe kabla somo halijaanza. Ukianza kwanza hulipwi. Na ujaze ile fomu ya serikali ya msaada wa wanafunzi, FAFSA. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa, na ukipata ruzuku yao iitwayo Pell, hiyo hairudishwi. Hela ya GI Bill haihesabiwi kama kipato chako humo, kwa hiyo usiogope kwamba moja itaua nyingine.

Swali lako la kuhama ndilo linalonipa hofu. Haki hii inaishi pale tu unapokuwa ndani ya kikosi. Ukihama mji ukaacha kuhudhuria, au ukakubali kuwekwa katika orodha ya wale wasiokwenda mazoezini, malipo yanakatika, na ukionekana mtoro unaweza kudaiwa yale uliyokwisha kupokea. Kwa hiyo tafuta kikosi kipya kwanza, upate barua ya uhamisho, halafu ndiyo ufunge mizigo. Vivyo hivyo utakapomaliza miaka sita: kama masomo hayajaisha, fikiria kuongeza mkataba kabla hujaaga, kwa sababu siku ukitoka, kwa kawaida miezi iliyobaki haikufuati.

Na wakikuita kabla hujamaliza, jambo hili lina faida yake. Muda wa haki yako unasogezwa mbele kwa kipindi chote ulichoitwa na kuongezewa miezi 4, na siku hizo zinaanza kukuhesabia ngazi za mfuko ule mkubwa. Mifuko miwili ikiunganishwa, jumla haivuki miezi 48. Hapo usichague haraka kwa sababu mwenzako kasema. Ukishachagua kuhamia mkubwa, hurudi. Kaa na ofisa wa chuo, mpige hesabu ya zote mbili kwa karatasi.

Kwa sasa anza na kikosi chako. Mwombe anayeshughulikia kumbukumbu akupe fomu DD 2384-1, ndiyo inayothibitisha kwamba haki hii unayo. Kisha ujaze ya VA, namba 22-1990, halafu umwone ofisa wa chuo. Fomu ya kwanza ilipaswa kutolewa ulipomaliza mafunzo, lakini wengi wenu hamkuiona, kwa sababu siku ile ulipewa karatasi ishirini kwa mpigo na Kiingereza kilikuwa bado kigeni. Ikipatikana, itolee nakala tatu, na moja mtumie mama yako Nyarugusu, kama bado yuko kule. Binti yangu alipoibiwa begi lake kwenye basi, nakala iliyomwokoa ilikuwa kwenye sanduku langu la nguo, hapa Mwanga.